Sura ya Sita: Mpini Unaokufaa

Katika miaka ya 1960, wanasayansi wa Uingereza waliokuwa wakiuchunguza mchezo wa gofu walitengeneza fimbo ya ajabu. Waliutia mpini wake bawaba, juu kidogo ya kichwa. Ukiishika fimbo hiyo, kichwa kinaning'inia na kucheza huku na huku. Mtu angedhani mchezaji akiipigia mpira, mpira utadondokea miguuni pake. Lakini ulikwenda karibu umbali uleule ambao angeupata kwa fimbo nzima. Alastair Cochran na John Stobbs walilieleza jaribio hilo katika kitabu chao cha mwaka 1968, The Search for the Perfect Swing, na kila anayetaka kununua mpini mpya angefaa alijue kabla hajafungua pochi.

Sababu ni kwamba mpira na uso wa fimbo hugusana kwa takriban sehemu moja ya elfu mbili ya sekunde. Mchezaji anayezungusha draiva kwa kasi ya maili 100 kwa saa, kichwa cha fimbo yake husogea kama sentimita 2 tu kikiwa bado kimegusana na mpira. Muda huo ni mfupi mno kwa msukumo wa mikono kuteremka mpinini na kufika kichwani. Mpira unachokijua ni kwamba umegongwa na kitu cha gramu 200 hivi, kilichokuja kwa kasi fulani kikiwa kimeelekea upande fulani. Mikono hupata habari mpira ukiwa umeshaondoka.

Basi anayekuambia kwamba mpini fulani "unarusha" mpira anakuuzia maneno. Nguvu inatoka miguuni, kiunoni, mabegani na mikononi mwako. Mpini, au shafti kama wanavyouita wachezaji wengi, kazi yake ni kukifikisha kichwa penye mpira kwa kasi yote uliyoizalisha, kiugonge kwa katikati ya uso, na uso wenyewe uwe unaangalia unakotaka mpira uende. Hapo ndipo unapotoka umbali, na ndipo hapohapo unapotoka usahihi. Ndiyo maana katika sura hii hatutavitenganisha viwili hivyo.

Robo ya sekunde

Kutoka juu ya bega hadi kwenye mpira, fimbo hushuka kwa takriban robo ya sekunde. Katika muda huo mpini hupinda kwa namna ambazo jicho haliwezi kuziona, ila kamera za mwendo wa kasi zinazionyesha vizuri.

Mikono inapoanza kuvuta kwenda chini, kichwa kizito kinabaki nyuma, na mpini unapinda kuelekea nyuma. Fimbo inapozidi kushuka na vifundo vya mikono kuanza kufunguka, mpini unanyooka. Kisha, muda mfupi kabla ya kufika kwenye mpira, unapinda upande wa pili: kichwa kinatangulia mbele ya mstari wa mpini. Wengi hudhani hiyo ni nguvu iliyohifadhiwa ikifyatuka. Sehemu kubwa yake inatokana na umbo la fimbo. Uzito wa kichwa hauko kwenye mstari wa mpini; uko nyuma na nje yake kidogo. Fimbo inapozunguka kwa kasi, uzito huo unavutwa kwa nje na kutaka kujipanga sawasawa na mikono, hivyo unausukuma mpini mbele. Mvuto huohuo unaiinamisha ncha ya kichwa kuelekea ardhini.

Kupinda kwa mbele kunauinua uso wa fimbo uangalie juu zaidi, na kuufunga kidogo kuelekea kushoto kwa anayecheza kwa mkono wa kulia. Kwa hesabu hiyo, mpini laini ungepeleka mpira juu na kushoto, na mpini mgumu ungeupeleka chini na kulia. Huo ndio mwelekeo wa jumla, na maduka mengi huufundisha kana kwamba ni sheria. Uwanjani mambo hayanyooki hivyo, kwa sababu mchezaji naye hujirekebisha. Mikono ikihisi kichwa kinachelewa, hubadilisha wakati wake wa kufunguka bila hata mwenyewe kujua. Ndiyo maana watu wawili wenye kasi moja wanaweza kuhitaji mipini tofauti kabisa. Mmoja huanza kushuka taratibu na kuongeza mwendo kidogo kidogo. Mwenzake huishtua fimbo kutoka juu kwa nguvu. Huyu wa pili huupinda mpini zaidi, na kwa kawaida hupata utulivu kwenye mpini mzito au mgumu kuliko kasi yake inavyoonyesha.

Kutoka hikori hadi kaboni

Historia ya mipini inaonyesha jinsi umbali na usahihi vilivyokuwa vikivutana. Kwa miongo mingi mipini bora ilikuwa ya mti wa hikori kutoka Marekani, mti mgumu unaostahimili mishtuko. Kasoro yake ilikuwa kujisokota. Kichwa kikivutwa kwa kasi, mpini ulijipinda kwa kuzunguka kama kamba inayosokotwa, na mchezaji alilazimika kuzungusha fimbo kwa mpangilio wa taratibu ili uso uwahi kurudi mahali pake.

Arthur Knight, mhandisi wa Marekani, alipata hataza ya mpini wa chuma mwaka 1910, lakini wakuu wa mchezo hawakuukubali haraka. Klabu ya R&A ya St Andrews iliuruhusu mwaka 1929 tu. Mwaka uliofuata Bobby Jones alitwaa mataji yote makubwa manne ya enzi yake akitumia hikori. Mwaka 1931 Billy Burke akashinda US Open kwa mipini ya chuma, na enzi ya mti ikaanza kufungwa. Faida ya chuma ilikuwa kujisokota kidogo, na zaidi ya hapo, mpini wa leo kufanana na wa jana. Fundi aliweza kutengeneza fimbo za seti nzima zikalingana, jambo ambalo mti haukuruhusu.

Mwaka 1969 Frank Thomas, akiwa na kampuni ya Shakespeare, alibuni mpini wa grafaiti, yaani nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi. Ulikuwa mwepesi kuliko chuma kwa mbali. Lakini mipini ya kwanza ya aina hiyo ilijisokota kupita kiasi: mpira ulikwenda mbali, ila haukujulikana utaangukia wapi. Ilichukua miaka mingi ya kubadilisha pembe za kuzungushia nyuzi hizo hadi grafaiti ikatulia. Leo karibu kila draiva ina mpini wa grafaiti, huku wachezaji wengi wa kulipwa wakiendelea na chuma kwenye ayani, yaani fimbo za kulengea grini.

Anza na uzito

Kati ya sifa zote za mpini, uzito ndio unaohisiwa na kila mtu, hata anayeanza. Mipini mingi ya draiva ina gramu 45 hadi 75. Ya chuma kwenye ayani huwa kati ya gramu 90 na 130, na ya grafaiti inaweza kushuka hadi gramu 50 na kitu.

Ukipunguza uzito, kasi huongezeka, lakini kidogo kuliko matangazo yanavyodai. Sehemu kubwa ya kinachoizuia fimbo isizunguke haraka ni kichwa, kwa kuwa ndicho kilicho mbali na mikono. Kumbe faida kubwa ya mpini mwepesi huonekana kwa mtu anayechoka. Mchezaji wa miaka sitini anayetembea mashimo yote 18, akifika shimo la kumi na tano na mabega yameanza kulalamika, atanufaika kwa kupunguza gramu 30 kwenye kila ayani.

Uzito ukishuka kupita kiasi, mikono inaikosa ile taarifa ya kichwa kilipo. Mtu mwenye nguvu akipewa mpini wa gramu 45 mara nyingi hukimbiza mikono, mwili unabaki nyuma, na mipira inasambaa pande zote mbili. Kutawanyika huko ndiko kunakokutambulisha mpini mwepesi usiokufaa. Mpini mzito usiokufaa hujitambulisha kwa njia nyingine: mipira inakwenda upande mmoja, wa kulia kwa wengi, na inapungua umbali kadiri muda unavyokwenda.

Kisha urefu

Hapa ndipo wengi wanapopoteza usahihi wao bila kujua. Draiva nyingi za dukani zina urefu wa inchi 45.5 au zaidi, kwa sababu fimbo ndefu huzalisha kasi kubwa kidogo na huonekana vizuri kwenye mashine ya kupimia dukani. Sheria inaruhusu hadi inchi 48, na tangu mwaka 2022 waandaaji wa mashindano wameruhusiwa kuweka kikomo cha inchi 46. Wachezaji wengi wa kulipwa wako chini ya hapo. Tiger Woods aliposhinda Masters ya mwaka 1997 kwa tofauti ya mikwaju 12, huku akiongoza wote kwa umbali wa draiva, fimbo yake ilikuwa na mpini wa chuma wa inchi 43.5.

Kinachoamua ni mahali mpira unapogusa uso. Chukua mfano wa hesabu. Mpini mrefu unampa mchezaji kasi ya maili 97 kwa saa, lakini anagonga kwa pembeni, na mpira unaondoka kwa mara 1.38 ya kasi hiyo: takriban maili 134 kwa saa. Mpini mfupi unampa maili 94 tu, lakini anagonga karibu na katikati, na mpira unaondoka kwa mara 1.47: maili 138. Fimbo iliyo polepole imerusha mpira wenye kasi zaidi. Na kwa kuwa mpira uliogongwa pembeni huzunguka kiubavu na kupinda, ile fimbo ndefu imepoteza umbali na mwelekeo kwa pamoja.

Jaribio la urefu halina gharama. Shika draiva yako inchi moja chini ya kawaida na upige mipira kadhaa. Ikianza kukusanyika, umepata jibu. Usikimbilie kuikata papo hapo, maana mpini ukikatwa, kichwa huhisiwa chepesi. Kila nusu inchi inayoondolewa huhitaji kama gramu 6 kuongezwa kichwani ili fimbo irudishe mizani yake, na kwa kawaida fundi hutumia utepe wa risasi au skrubu nzito zaidi. Mpini nao unakuwa mgumu kidogo kuliko ulivyokuwa.

Herufi zisizo na kipimo

Unyumbufu wa mpini huandikwa kwa herufi: L kwa wanawake, A kwa wazee, R ya kawaida, S kwa mgumu, X kwa mgumu zaidi. Majina hayo yenyewe yamepitwa na wakati, kwa kuwa wako wanawake wanaohitaji S na vijana wanaohitaji A. Mwongozo unaotumika sana hufuata kasi ya draiva: chini ya maili 75 kwa saa, L; 75 hadi 85, A; 85 hadi 95, R; 95 hadi 105, S; zaidi ya hapo, X. Mwanamume wa ridhaa wa wastani huzungusha kwa maili 93 hivi. Yupo R, ingawa kwenye mfuko wake wa fimbo mara nyingi utakuta S.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba herufi hizo hazina kipimo cha pamoja. Sheria za vifaa zinataka mpini upinde sawa kwa kila upande na ujisokote sawa kulia na kushoto. Hazisemi R iwe na ugumu gani. Kila kampuni inajiamulia, na R ya kampuni moja inaweza kuwa ngumu kuliko S ya nyingine.

Fundi makini haangalii herufi. Hubana sehemu ya mshikio kwenye mashine, akauvuta mwisho wenye kichwa na kuuachia, na mashine ikahesabu mpini unatikisika mara ngapi kwa dakika. Mipini mingi ya draiva huangukia kati ya 240 na 270. Namba ikipanda, mpini ni mgumu zaidi. Namba hiyo unaweza kuilinganisha kati ya kampuni na kampuni, mpini mpya na wa zamani, na pia kati ya fimbo zako mwenyewe. Ukikuta ayani namba 6 yako ina namba isiyofuatana na ya 5 na ya 7, huenda umejua kwa nini imekuwa ikikusumbua.

Msokoto na mahali pa kupindia

Sifa mbili zilizobaki huzungumziwa zaidi kuliko zinavyostahili. Msokoto hupimwa kwa digrii: mpini wa digrii 3 husokoteka kidogo, wa digrii 6 husokoteka zaidi. Mchezaji mwenye nguvu anayeishtua fimbo huhitaji msokoto mdogo ili uso usiyumbe. Mwenye mwendo wa pole akipewa mpini wa digrii 3 atahisi anapiga kwa nondo, na mara nyingi uso utafika ukiwa bado uko wazi.

Mahali pa kupindia ni sehemu ya mpini iliyo laini zaidi. Ikiwa karibu na kichwa, mpira hupanda kidogo. Ikiwa karibu na mikono, hushuka. Tofauti yenyewe mara nyingi haifiki hata digrii moja ya mrusho. Kama tatizo lako ni mpira kwenda chini sana, badilisha kwanza pembe ya uso wa draiva. Draiva nyingi za leo hurekebishwa kwa ufunguo mdogo, na hutalipa kitu.

Poda kwenye uso wa fimbo

Ukienda kujaribu mipini, chukua poda ya kawaida na uinyunyizie kidogo kwenye uso wa draiva. Kila pigo litaacha alama ya duara. Piga mipira kumi kwa mpini mmoja, tazama alama, futa, kisha badilisha mpini bila kubadilisha kichwa. Mpini unaokufaa huacha alama zilizosongamana. Hata zikisongamana pembeni kidogo si neno, maana mafundisho au urefu vinaweza kuzisogeza. Alama zilizotapakaa kuanzia nchani hadi kisiginoni ni mpini wa kurudisha rafuni.

Kama kuna mashine ya rada, soma mambo matatu: kasi ya mpira, urefu wa mrusho, na upana wa eneo ambalo mipira kumi imeangukia. Usiupe kura ule mmoja uliokwenda mbali kuliko yote. Uwanjani utauona huo mara moja kwa wiki, na ile tisa iliyobaki ndiyo itakayoandikwa kwenye kadi.

Linganisha pia mahali pamoja. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Mpira husafiri mbali zaidi na hupinda pungufu kuliko Mombasa au Dar es Salaam. Mchezaji anayejaribu mpini mpya Muthaiga, Nairobi, kisha akaulinganisha na kumbukumbu za mpini wa zamani Nyali, Mombasa, atausifu mpini kwa kazi iliyofanywa na mwinuko. Chukua mipini yote miwili, siku moja, uwanja mmoja, mipira ya aina moja.

Fimbo za mtumba

Fimbo nyingi zinazochezewa Afrika Mashariki zimeshawahi kuwa na mwenyewe mwingine. Hakuna ubaya, mradi ujue kwamba mpini ulichaguliwa, au ulikatwa, kwa mwili wa mtu mwingine. Pima urefu wa kila fimbo kwa futi kamba. Seti iliyokatwa hovyo hujulikana mara moja, kwa kuwa tofauti ya fimbo na fimbo, ambayo kwa kawaida ni nusu inchi, haitakuwa sawa. Kwa mpini wa chuma, utikise karibu na sikio: kutu iliyomomonyoka ndani husikika kama mchanga. Fimbo zilizokaa pwani, kwenye hewa ya chumvi, zinahitaji uangalifu zaidi. Kwa grafaiti, pitisha ukucha pale mpini unapoingia kichwani ukitafuta ufa au rangi iliyovimba. Mpini wa grafaiti uliopasuka hautengenezeki, na ukikatika katikati ya pigo, kichwa kinaruka kuelekea walikosimama watu.

Kubadilisha mpini wa seti nzima ya ayani kunaweza kugharimu zaidi ya seti yenyewe. Kwa hiyo ni afadhali kukataa seti isiyokufaa kuliko kuinunua kwa bei ya chini ukitumaini kuirekebisha. Anza kukagua uzito, kisha urefu, halafu ugumu, na herufi iwe ya mwisho.

Ukishaupata mpini uliokusanya mipira yako, usiridhike na kukumbuka jina na rangi yake. Makampuni hubadilisha majina kila baada ya miaka michache, na rangi ileile inaweza kurudi ikiwa na mpini tofauti ndani. Mwombe fundi akuandikie uzito kwa gramu, urefu kwa inchi, mitikisiko kwa dakika na msokoto kwa digrii. Kwa namba hizo nne unaweza kuingia duka lolote na kuuliza unachokihitaji. Baada ya miaka mitano, mwili ukiwa umebadilika, pima tena kasi yako na ulinganishe. Anayetoka S kwenda R kwa sababu kasi imeshuka kutoka maili 98 hadi 90 anaufuata mwili wake, na katikati ya uso wa fimbo itamlipa kwa yadi alizodhani ameshazipoteza kwa uzee.